Ukiambiwa Uzime Antivairasi Kwanza, Ishia Hapo Hapo

Jumapili moja mchana mtoto wa dada yangu alifika nyumbani amekumbatia laptopu yake. Hata kukaa hakukaa. "Shikamoo mjomba. Mafaili yangu yote yamegeuka, hayafunguki."

Nikafungua folda ya utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Sura ya Tatu ipo, jina lake lipo, ila mwishoni mwa jina imeongezwa nukta na herufi nne zisizo na maana yoyote. Picha za harusi ya mama yake mdogo, vivyo hivyo. Katika kila folda kulikuwa na faili moja tu lililofunguka bila shida, _readme.txt: mafaili yako tumeyafunga, ufunguo ni dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 utalipa nusu, dola 490.

Barua hiyo inajulikana. Ni ya ukoo wa virusi unaoitwa STOP au Djvu, ambao shabaha yake kubwa ni watu wa kawaida majumbani mwao. Chambo chake kikuu ni programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, zile tunazoziita kraki.

Nikamuuliza amesakinisha nini karibuni. Alihitaji programu ya takwimu ya kuchambulia madodoso yake, leseni haiwezi, rafiki akamtumia linki. Maelekezo yake, hatua ya kwanza: zima antivairasi. Akazima. Likajitokeza dirisha kama lile la Windows inapojisasisha, likimwambia asubiri na asizime kompyuta. Akaenda jikoni kubandika maharage. Dirisha lilikuwa la uongo, na muda wote ule mafaili yake yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine.

Tunaulizana kila siku antivairasi ipi ni kali, ipi inunuliwe. Kwa maoni yangu hilo si swali la kwanza. Windows 10 na 11 zinakuja na Defender ndani yake, bure, na kwa matumizi ya nyumbani mimi naiona inatosha. Tatizo letu ni kwamba mlinzi yupo getini na sisi wenyewe tunamwambia akalale, kwa sababu tu mgeni tusiyemjua kaomba hivyo. Watu husema antivairasi inapiga kelele kwa sababu ni kraki tu, haina madhara. Utajuaje? Ukishaizima, huna tena wa kukuambia hii ni kraki tupu na hii imebeba kirusi.

Simlaumu binti yetu. Leseni nyingine kweli hazishikiki kwa mwanafunzi. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa zipo programu halali za bure za kazi ile ile, jamovi na PSPP kwa takwimu, LibreOffice kwa kuandika. Hizo zipakue kwenye tovuti zao wenyewe, si kwa linki ya rafiki.

Tulijaribu kuyaokoa. Kuna mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta. Unapakia faili lililofungwa pamoja na ile barua, unaambiwa kama dawa ipo. Kwa Djvu, kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kuyafungua Oktoba 2019, ila kwa matoleo mapya ya kirusi inaweza kusaidia pale tu kirusi kilipokosa kuwasiliana kwa intaneti na wahalifu waliokituma, kikatumia ufunguo kilichokuja nao. Kirusi kikiwapata, kila kompyuta inafungwa kwa ufunguo wake, na ufunguo huo wanao wao. Binti yetu bando alikuwa nalo. Kiliwapata.

Hatukulipa. Sura mbili zilipatikana kwenye barua pepe alizomtumia msimamizi wake. Madodoso yalikuwa bado kwenye makaratasi, akayaingiza upya usiku baada ya usiku. Picha za harusi zimekwenda. Kabla ya yote hayo nilimwambia achukue simu abadilishe nywila zote, kwa sababu kirusi hiki mara nyingi huongozana na kingine kinachokwapua nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari.

Kwa hiyo nakala. Nunua diski ya nje, nakili vitu vyako, kisha ichomoe uiweke kabatini. Ikibaki imechomekwa siku ya tukio, nayo inafungwa.

Flashi ya kupelekea kazi stesheneri iwe yake peke yake, na usiweke humo kitu usicho na nakala yake. Ukirudi ukaikuta imejaa shotikati zenye majina ya mafaili yako, usizibofye.

Apdeti zinakula bando, najua. Lakini WannaCry, kirusi kingine cha kufunga mafaili, ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017, apdeti ya kuizuia Microsoft walikuwa wameshaitoa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla, na bado ilienea nchi zaidi ya 150. Subiri bando la usiku, uiache ijisasishe.

Tulimalizia kwa fundi, apige Windows upya. Nikamwomba kitu kimoja, asizime Defender. Akanitazama. "Mzee, bila kuizima akitiveta haikubali." Akitiveta ni kraki ya kuidanganya Windows kwamba ina leseni. Yaani hata kabla ya programu ya takwimu, laptopu ile ilikuwa inaishi kwa kraki tangu siku ya kwanza, na hatukuambiwa. Nikaigeuza nikamwonyesha stika ya Windows iliyofifia chini yake. Laptopu zilizotoka kiwandani na Windows 8 au mpya zaidi kwa kawaida huwa na ufunguo wa leseni ndani ya ubao wake. Ya kwetu ilikuwa na leseni ya toleo la Home, fundi aliyeipiga Windows mwanzo akaweka toleo la Pro, leseni ikakataa, ndiyo akaleta akitiveta. Safari hii akapiga Home. Tukaiunganisha na intaneti ya simu yangu, na baada ya dakika chache ikajithibitisha yenyewe, Defender ikiwa macho.