Kaboni yenye mionzi kwenye maji ya Msimbati: tuitumie au tuiache?

Dagaa na vibua wanaoshushwa Feri, Mtwara Mjini, wanategemea vijimea visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea baharini na kujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua. Anayetaka kujua bahari yetu inaweza kulisha samaki kiasi gani hana budi kupima kasi ya vijimea hivyo. Kipimo kilichotumika sana duniani ni cha Mdenmarki Einar Steemann Nielsen, aliyekitangaza mwaka 1952 baada ya kukijaribu katika safari ya meli ya Galathea.

Maji huchotwa, yakatiwa bikaboneti (aina ya chumvi) kidogo yenye kaboni-14, ndiyo kaboni yenye mionzi. Chupa nyingine hupata mwanga, nyingine hufunikwa gizani. Baada ya saa kadhaa maji huchujwa, kaboni ambayo haikuliwa huondolewa kwa asidi, na mashine huhesabu mionzi iliyobaki kwenye kichujio, yaani kaboni iliyoliwa na vijimea.

Kwa pwani ya kusini, hoja ya kukitumia ni nzito. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki ya Bahari ya Hindi huifikia Afrika karibu na Rasi ya Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma, ukileta maji maangavu yenye virutubisho vichache. Kipimo cha zamani, kinachopima oksijeni inayotolewa na vijimea na kilichoelezwa na wanasayansi Gaarder na Gran mwaka 1927, hupata shida katika maji ya namna hiyo: oksijeni inayoongezeka kwa siku nzima ni ndogo kiasi kwamba humezwa na makosa ya kawaida ya upimaji. Kaboni-14 huiona tofauti hiyo.

Upande wa pili nao una haki yake. Kaboni-14 huchukua miaka 5,730 kupungua nusu. Mionzi yake ni dhaifu, haifiki hata nusu mita hewani, kwa hiyo hatari hasa ni kuimeza au kuivuta, na uzembe katika kutunza maji taka yake. Ndiyo maana lazima kuwe na kibali na usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomiki. Tena majibu yenyewe hayajanyooka: chupa zikikaa muda mfupi hukaribia kuonyesha jumla ya chakula kilichotengenezwa, zikikaa kutwa kucha huelekea kuonyesha kilichobaki baada ya vijimea kujitumia. Miaka ya 1980 ilibainika pia kwamba uchafu wa metali katika vifaa ulikuwa ukividhoofisha vijimea, na bahari nyingi zilikuwa zimehesabiwa maskini kuliko zilivyo.

Lakini kikwazo ninachokiona kikubwa kuliko vyote hakimo maabara. Mwaka 2013 Mtwara iliingia kwenye vurugu kwa sababu ya bomba la gesi, watu wakilalamika kwamba mambo yanaamuliwa juu ya vichwa vyao. Mtafiti akionekana Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari, na boksi lenye alama ya mionzi, na wavuvi hawajaambiwa kitu, habari itafika sokoni kabla yake, na anayeumia ni mama muuza samaki. Hofu hiyo haiondolewi kwa kipeperushi. Watu waitwe, waone chupa, waulize.

Mimi naona kaboni-14 itumike, ila kwa maji ya nje ya miamba tu, na isipande boti kabisa. Sampuli ziletwe nchi kavu haraka, kazi ifanyike maabara, taka zihesabiwe hadi tone la mwisho. Kwenye mikoko ya Mikindani na maingilio ya Ruvuma, ambako maji yana rutuba zaidi, oksijeni inatosha, na kijana wa kidato cha sita anaweza kufundishwa kuipima. Vipimo vya kusi na vya kaskazi vyote vipatikane kabla ujenzi wa mtambo wa gesi unaopangwa Likong'o, Lindi, haujaanza. Ukishaanza, hatutakuwa tena na maji ya kulinganisha nayo.