Ukishinda sana, ukatwe?

Mwaka 2019 Álvaro Bautista aliuanza msimu wa WorldSBK, mbio za dunia za pikipiki zinazotokana na zile za madukani, kwa kushinda mara 11 mfululizo akiwa na Ducati Panigale V4 R. Msimu ukiwa bado mbichi, wasimamizi wakaikata injini ya Ducati mizunguko 250 kwa dakika kwenye kikomo chake cha 16,350, ili isiwaache wenzake mno.

Tia hoja hiyo kijiwe chochote cha bodaboda Dar, abiria atasubiri. Wapo watakaosema huo ni uonevu: kiwanda kimeumiza kichwa, kimetoa chuma, halafu kinaadhibiwa kwa kufanya kazi yake. Wengine watakujibu kuwa bila hivyo hakuna mbio, kuna maandamano tu, mmoja mbele na wenzake nyuma. Mtazamaji akichoka, mdhamini naye anaondoka.

Wa pili wana hoja, lakini dawa yenyewe siipendi. Ubingwa wa 2019 ulikwenda kwa Jonathan Rea wa Kawasaki, na hadi leo wapo wanaosema Ducati ilinyongwa. Wanasahau kwamba Bautista alianguka ovyo katikati ya msimu. Ndiyo kasoro ya kukata: hata aliyeanguka mwenyewe anapata cha kusingizia, na mshindi halali anabaki na doa.

MotoGP, mbio za dunia za pikipiki zinazoundwa kwa mashindano tu, walichagua njia nyingine. Tangu msimu wa 2024 viwanda hupangwa madaraja A hadi D kwa pointi zao. Wa A hupewa matairi 170 ya majaribio, wa D 260, tena wa D anaruhusiwa kuubadili muundo wa injini katikati ya msimu. Honda na Yamaha, waliozoea kuogopwa, walianzia D. Hapa mkubwa haguswi siku ya mbio. Mdogo ndiye anayeongezewa muda wa kujifunza. Ubaya wake ni kwamba inachelewa. Ducati iliendelea kutamba, na Marc Márquez akachukua ubingwa wa 2025 kwa pikipiki yao. Mimi nakubali kusubiri.

Ubishi huu huharibika pale mtu anapoyageuza matokeo kuwa cheti cha uimara: "Honda wameshuka, pikipiki zao siku hizi mbovu." Injini ya MotoGP hufunguliwa na mafundi wa kiwanda, haibebi mishikaki wala haipigi tope la Mbagala. Boxer haikujijengea jina kwenye mbio. Jina lake limejengwa na spea zinazopatikana Kariakoo na kila mtaa, na fundi anayeweza kuishusha injini chini ya mwembe, akabadilisha ringi, jioni ikarudi barabarani. Chuma kizuri zaidi kisicho na spea kitaitwa kimeo ndani ya mwaka.

Hata sifa hiyo ya mtaani ina upendeleo wake. Pikipiki ikiwa nyingi, mafundi huizoea na spea hushuka bei, ikazidi kusifiwa. Mgeni sokoni anahukumiwa kwa klachi moja iliyoungua, pengine kwa sababu dereva alizidisha mzigo au alipitiliza siku za kumwaga oili. Huyo mgeni hana daraja D la kumwongezea muda. Akitaka kubaki sokoni, amwage kwanza spea Kariakoo, matangazo ya mbio yafuate baadaye.