Funza hatembezwi na kichwa peke yake

Msimu wa maembe hapa Tabora kila mtu ameshaona hii kitu, unapasua dodo limeiva vizuri unakuta funza weupe ndani, ukimtoa mmoja ukamweka mezani anaanza safari, hana mguu hata mmoja, hana mfupa, ila anakwenda. Juzi kijiweni Isevya ubishi ukaanzia hapo hapo. Dogo mmoja anayesoma baiolojia akasema wanasayansi walishachora ubongo mzima wa funza, kwa hiyo suala la anatembeaje limekwisha. Mkulima mmoja wa mahindi akamjibu kwamba kiwavi ukimponda kichwa mwili bado unafurukuta, sasa ubongo hapo unahusikaje? Watu wakamcheka yule mkulima. Mi nimelifuatilia hili jambo na naona ana hoja nzito kuliko walivyomchukulia.

Tuwekane sawa kwanza, anayechunguzwa maabara sio huyu wa kwenye dodo, ni wa inzi mdogo wa matunda anaitwa Drosophila. Na mchoro anaousema dogo upo kweli, ulitoka Machi 2023 kwenye jarida la Science, kazi ya watu wa Cambridge na Johns Hopkins, niuroni (yaani seli za neva) 3,016 na sinapsi, zile sehemu niuroni zinapoungana, kama 548,000. Ni kazi kubwa sana na inastahili sifa zote ilizopata.

Ila hiyo 3,016 iangalieni vizuri jamani, maana watu wanaitaja kama vile ndo funza mzima. Ni ubongo tu. Funza ana niuroni kama 10,000 ukijumlisha na uzi wa neva unaoshuka kutoka kichwani kupita tumboni, yaani karibu theluthi mbili ya niuroni zake hazimo kwenye namba inayosifiwa. Na zilizobaki nje ni zipi? Ni zile zile zinazovuta misuli ya mwili! Mwili wa funza umegawanyika pingili pingili, kila pingili ya tumboni ina misuli kama 30 upande mmoja na kama 30 upande wa pili, na niuroni zinazoiamrisha hiyo misuli zinakaa kwenye ule uzi, ubongoni hazipo. Kwa hiyo mtu anachukua mchoro ambao hauna hata niuroni moja inayokunja tumbo, af anasema tumeshajua funza anatembeaje. Hapana. Vipande vya huo uzi vimechorwa na vinaendelea kuchorwa, ila hiyo ni kazi nyingine na sio ile iliyopigiwa kelele.

Anavyotembea ni hivi, akienda mbele pingili ya mkiani inajikunja kwanza, inafuata ya mbele yake, wimbi linapanda mpaka kichwani halafu linaanza upya. Akirudi nyuma wimbi linaanzia kichwani kushuka mkiani. Swali ni nani anapanga hiyo zamu.

Mwaka 2012 Berni, Pulver, Griffith na Bate walifanya jaribio ambalo mi nalipenda kuliko yote kwenye hii mada. Walitumia funza waliobadilishwa vinasaba ili joto likipanda kidogo niuroni za ubongoni zishindwe kupitisha ujumbe, yaani ubongo upo ila umenyamaza. Funza wakaendelea kutambaa, wakasimama, wakakata kona, wakatambaa tena, mwendo wa kawaida kabisa wa mdudu anayetafutatafuta! Na hata ukiutoa uzi wenyewe nje ya mwili ukauweka kwenye kisahani, hakuna misuli hakuna ngozi, bado mawimbi yale ya mbele na ya nyuma yanapita ndani yake, ingawa taratibu zaidi kuliko funza akiwa mzima. Mpangilio umo humo humo kwenye uzi.

Hili lina faida mpaka shambani. Tangu kiwavijeshi vamizi aingie nchini 2017 watu wanapiga dawa sana, na zile za kundi la pairethroidi zinafanya neva zifyatuke bila kutulia, kwa hiyo unapoona kiwavi anajinyonganyonga baada ya kupigwa, hiyo ni dawa inafanya kazi kwenye neva za mwili mzima na sio dalili kwamba imeshindwa, huna sababu ya kukimbilia kupiga tena saa hiyo hiyo.

Upande wa kichwa nao una haki yake. Funza ambaye ubongo umenyamaza anatambaa tu, ila kugeuka kufuata harufu ya chakula hiyo inataka ubongo. Na mwaka 2018 maabara ya Chris Doe kule Oregon ilionyesha kuna niuroni jozi mbili tu ubongoni, ukiziwasha funza anaacha kwenda mbele anarudi nyuma. Jozi mbili! Wanaotetea kichwa wanalitegemea sana hili na ni ushahidi mzuri. Lakini soma mpaka mwisho, niuroni hizo hizo zinabaki mpaka mdudu anakuwa inzi mwenye miguu sita, na ukiziwasha bado anarudi nyuma, sasa hivi kwa miguu. Amri ile ile, mwili tofauti kabisa. Maana yake zile jozi mbili hazibebi maelezo ya kukunja pingili wala ya kuinua mguu, zinachagua upande tu, kama yule anayegeuza njia za reli pale stesheni yetu ili treni iende Kigoma au Mwanza, kuvuta mabehewa sio kazi yake.

Hata uzi nao haujitoshelezi, tuseme ukweli. Hughes na Thomas mwaka 2007 walizima neva za kuhisi zilizopo kwenye ukuta wa mwili, wimbi likawa linasuasua, kila pingili inachelewa kuachia kwa sababu haipati taarifa kwamba imeshajikunja vya kutosha.

Ndo maana mi simwelewi mtu akisema mchoro umemaliza kazi. Kuna niuroni inaitwa A27h inayofanya kazi funza akienda mbele na inatulia akirudi nyuma, na kuna nyingine inaitwa GDL ambayo kazi yake ni kuizuia hiyo A27h isifyatuke kabla ya zamu yake. Kwenye picha ya hadubini unaona tu kwamba zimeungana. Ipi inasukuma, ipi inazuia na saa ngapi, hayo walikuja kuyajua kwa kuziangalia neva zenyewe zikiwa hai na zinafanya kazi, na uzi uliobaki nao utataka hivyo hivyo.