Klabu za huduma wakati wa vita: anza na orodha ya wanachama, michango baadaye

Vita ikiingia nchini, klabu za huduma kama Rotary, Lions na Kiwanis, yaani vikundi vya watu wanaokutana na kujitolea kusaidia jamii, huwa hazikai kimya. Vita kuu ya pili kule Marekani walikuwa kila kona, wanahamasisha watu wachangie damu, wanakusanya skrepa na mipira chakavu, wanauza hatifungani za vita (karatasi unazonunua kuikopesha serikali), na hizo hatifungani sio kitu kidogo maana Wamarekani kama milioni 85 walizinunua, jumla zaidi ya dola bilioni 185. Wapo wanaosema hiyo ndo huduma yenyewe, nchi ikiwa hatarini klabu isiyojitokeza imepoteza maana. Na wapo wanaosema hapana, klabu ikianza kuchangisha hela ya silaha imeshageuka tawi la serikali. Mi naona pande zote zina hoja, ila zote zinaruka kitu kimoja ambacho nitakifikia.

Nianze na upande wa wanaotetea, maana una mfano mzuri kupita kiasi. North Platte ni mji mdogo wa reli jimbo la Nebraska. Desemba 17, 1941, siku kumi baada ya Japani kuishambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, watu wakasikia vijana wao wa Kampani D, kikosi cha jeshi, wanapita na treni, wakajaa stesheni na vyakula na zawadi za Krismasi. Treni ikafika, kweli ni Kampani D, ila ya Kansas. Sio watoto wao. Wakasimama pale kidogo, halafu wakawapa wale vijana kila kitu walichobeba. Krismasi hiyohiyo wakafungua kantini, ikaenda hadi Aprili 1, 1946, na wanajeshi kama milioni 6 wakapita hapo. Treni inasimama kama dakika kumi tu, mtu anashuka mbio anapata kahawa, sandwichi, yai la kuchemsha, na kama ni siku yake ya kuzaliwa anapewa keki, wakati sukari ilikuwa ya mgao kwahiyo hiyo keki imetoka kwenye sukari ya familia ya mtu. Vijiji kama 125 vilikuwa vinapokezana zamu. Hawa walikuwa wanawake wa vijijini, makanisa na vikundi vya mtaani, hawakuwa klabu moja yenye kadi na ada, lakini ni roho ileile, na hakuna anayeweza kuniambia kazi ile ilikuwa propaganda.

Hoja ya upande wa pili nayo ni nzito. Hatifungani ni mkopo kwa serikali inayopigana, hela yake inanunua mabomu. Unaweza kujibu kwamba adui alikuwa Hitler, na mi hilo nalikubali kabisa, ila kila nchi inayopigana huwaambia watu wake kwamba vita yao ni ya haki. Klabu ikizoea kuitikia tu, siku ikiombwa kitu kibaya itakataa kwa nguvu gani?

Na kitu kibaya kiliombwa kweli, tena kabla hata risasi ya kwanza. Ujerumani 1933, Hitler alivyoshika madaraka, klabu za Rotary zilianza kuwaondoa wanachama Wayahudi na waliojulikana kuipinga serikali. Klabu ya Munich ilimtoa Thomas Mann, mwandishi mwenye tuzo ya Nobel, akiwa nje ya nchi. Lengo lilikuwa klabu iokoke. Haikuokoka, 1937 zote zilivunjwa. Yaani waliwatoa wenzao waliokuwa wanakula nao meza moja kila wiki, na bado wakafungiwa.

Japani mambo yalienda tofauti kidogo. Mwaka 1940 klabu zilijitoa Rotary ya kimataifa, nyingi zikaendelea kukutana kwa majina ya siku za wiki, ya Tokyo ikawa Klabu ya Jumatano, zikarudi rasmi 1949. Kuna wanaoita huo woga. Mi siwezi kuwahukumu haraka hivyo, kubadilisha jina ili muendelee kukaa pamoja sio sawa na kumtoa mwenzako ili wewe ubaki.

Ndo kile kitu nilichosema kinarukwa. Skrepa imekusanywa tani ngapi ni swali la baadaye, la kwanza ni nani alikuwa kwenye orodha kabla ya vita na kama bado yupo, halafu majirani ambao serikali imeanza kuwaita adui nani amewasogelea. Hapo ndo huduma inakuwa na gharama, kwasababu kumpa mwanajeshi kahawa mji mzima unakupongeza.

Marekani hiyohiyo ya kantini, kuanzia 1942 watu kama 120,000 wa asili ya Japani walihamishwa na kufungwa kambini, wengi wao raia kabisa. Kule Florin, California, mkaguzi wa kilimo anaitwa Bob Fletcher aliacha kazi akachukua mashamba ya zabibu ya familia tatu zilizohamishwa, akawa anapalilia, anavuna, analipa kodi na mikopo yao, anabaki na nusu ya faida tu. Watu walimchukia, hadi risasi ikapigwa kwenye ghala akiwa huko. Huyo ni mtu mmoja. Klabu ya watu thelathini, yenye mwanasheria, mtu wa benki na mwenye duka ndani yake, ingeweza kufanya hivyo kwa bonde zima, na haihitaji kuacha kuuza hatifungani ili ifanye. Familia ya Tsukamoto, moja ya zile tatu, iliporudi 1945 ilikuta shamba lipo, hela yao iko benki, na nyumba imesafishwa na mke wa Fletcher.