Serikali ya Texas, Kigiriki cha kale na Photoshop: koleji ibakishe kipi?

Kila semista ikikaribia, sisi Wabongo na Wakenya wa huku Texas tunapigiana simu kuulizana nichukue kozi gani, na jibu ni lile lile: chukua zinazohesabika umalize uondoke. Na mimi nimeshawaambia wengi hivyo hivyo. Siku hizi sina uhakika sana.

Kwa asiyezijua, komyuniti koleji ni vile vyuo vya miaka miwili vinavyobebwa kwa sehemu kubwa na kodi za wananchi, kile kikongwe cha umma ni Joliet Junior College kule Illinois, 1901, na toka zamani vimebebeshwa kazi mbili zisizopatana sana: kumvusha mtu aende chuo kikuu akiwa kamaliza miaka miwili ya mwanzo kwa bei ya kawaida, na kumpa ujuzi yule anayetaka kazi kesho asubuhi. Ndo maana kitabu kimoja cha kozi kinaweza kuwa na kozi ya serikali (jinsi serikali inavyoendeshwa), picha za dijitali, na kwa zile koleji chache zenye moyo, Kigiriki cha kale. Watu wakiona hiyo ya mwisho wanacheka, nani ataajiriwa kwa Kigiriki jamani.

Wanaocheka wana hoja, tusiwadharau. Mwaka 2023 Texas ilipitisha sheria ya HB 8 ikabadilisha jinsi koleji zinavyopata hela, zamani walikuwa wanahesabu masaa ya darasani, sasa wanaangalia wangapi wamepata vyeti vyenye faida kwenye ajira na wangapi wamehamia chuo kikuu wakiwa na krediti (pointi za kozi ulizofaulu) 15 na kuendelea. Halafu msaada wa ada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ile Pell, haulipii kozi ambayo haipo kwenye mpango wa digrii yako. Sasa dada anayefanya zamu za usiku nyumba ya wazee, ana watoto wawili, unamwambia asome vitenzi vya Kigiriki kwa hela yake ya mfukoni? Mimi siwezi kumwambia. Na darasa la watu wanne linamtaka mwalimu yule yule mmoja ambaye angefundisha watu thelathini.

Ila ukiwauliza hao hao kozi gani ina faida, ndo utaona hesabu yao inavyoyumba. Kozi ya serikali wanaiita ya kupoteza muda, imejaa kwa sababu sheria ya Texas inalazimisha kila anayetafuta digrii chuo cha umma achukue krediti 6 za siasa, kwa kawaida kozi moja ya serikali kuu na moja ya Texas. Wengi wanaipita kwa kukariri, katiba ya 1876, imerekebishwa zaidi ya mara 500, bunge linakaa siku 140 kila baada ya miaka miwili, mtihani, kwaheri. Lakini subiri ununue nyumba. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo shule na kaunti zinakula sana kwenye kodi ya nyumba, na barua ya tathmini ya thamani ya nyumba ikija watu wetu wengi wanalipa tu wanyamaze, kumbe una haki ya kupinga ile thamani mbele ya bodi, bila wakili, kila mwaka. Hayo ni mambo ya ile ile kozi tuliyosinzia. Kozi ya serikali pengine ndo imeturudishia hela kuliko zote, au ingeturudishia tungekuwa macho.

Picha za dijitali ndo kila mtu anaisifia, na kweli vijana wetu wanapiga harusi na send-off huku wanatengeneza hela nzuri tu. Shida inazeeka haraka mno. Photoshop, programu ya kuhariri picha, ilitoka 1990, 2013 wenyewe Adobe wakaacha kuuza matoleo mapya ya kununua mara moja wakageuza iwe ya kulipia kila mwezi, 2023 wakaweka akili bandia unaandika maneno mawili inajaza picha yenyewe. Mwalimu anayefundisha bonyeza hapa kisha hapa, silabasi yake inachacha kabla wanafunzi hawajahitimu. Anayefundisha mwanga, rangi, kwa nini ya kwenye skrini haifanani na ya kwenye karatasi, huyo atakaa. Kwa hiyo hata hii ya kazi, kinachodumu ndani yake ni kile kisichoonekana cha kazi.

Na Kigiriki sasa. Mswahili anayekiona cha wazungu aangalie mdomo wake kwanza: falsafa, kalamu, karatasi, almasi, askofu, Injili, zote zimetoka Kigiriki zikapitia kwa Waarabu ndo zikatufikia. Na maelezo ya zamani kabisa tuliyonayo ya biashara ya pwani yetu, Periplus, mwongozo wa wasafiri wa baharini wa karne ya kwanza, yameandikwa kwa Kigiriki, na humo kuna bandari ya Rhapta ambayo mwandishi anasema jina lake limetokana na mashua za kushonwa. Za kushonwa! Mitepe hiyo, kwa anayejua mambo ya Lamu. Mpaka leo watu wanabishana Rhapta ilikuwa wapi, na wanaoweza kuyasoma yale maandishi yenyewe wakatoka kwetu ni wa kuhesabu. Ukikifuta kwenye koleji hakifi, kinabaki kwenye vyuo vya ada kubwa kwa watoto wa wenye nazo, basi.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: kisilazimishwe kwa mtu, lakini kisifutwe, koleji tano sita zichangie mwalimu mmoja afundishe mtandaoni, darasa lijae, na kiandikwe kwenye mpango wa digrii kama lugha ili Pell ilipie. Kozi ya serikali ibaki lazima ila ianze na ile barua ya kodi badala ya 1876. Wenye viza ya F-1, ya wanafunzi, tu ndo muwe makini, kozi ya mtandaoni inayohesabiwa kwenye zile krediti 12 zenu za lazima ni moja tu kwa semista, mkishaijaza na kitu kingine Kigiriki kitabidi kiwe cha juu ya hapo.