Kabla ya kumlaumu mhitimu, tazama hati yake ya mshahara

Kila msimu wa mahafali lawama ni ile ile: wahitimu wa vyuo vikuu vya Tanzania wakishavua joho hawarudi. Hawajazi fomu za taarifa zao, hawaonekani kwenye mikutano ya Baraza la Masajili, chombo cha wahitimu wa chuo, hawachangii mabweni wala maabara. Mgeni rasmi hutaja vyuo vya Marekani vinavyojengewa maktaba na watu waliosoma pale, ukumbi hupiga makofi, na mwaka unaofuata hotuba hurudiwa. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini anayebebeshwa si yule anayestahili.

Ubishi juu ya kile msomi anachodaiwa na umma una umri karibu sawa na Mlimani yenyewe, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda kuleta kingine kutoka mbali. Asiporudi, ni msaliti. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa ambao ungewaachia asilimia 40 tu ya mshahara. Karibu 400 walifukuzwa, na Nyerere akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mfano wa kijiji chenye njaa bado unapendwa na wahimizaji wa michango. Wanachosahau ni kwamba siku hizi mfano huo umekuwa sheria, na anayeitekeleza ni mhasibu wa mwajiri, kila mwezi.

Chukua mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 900,000 ambaye alisoma kwa mkopo. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 45,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 27,000. Kodi ya mapato, baada ya kuondoa pensheni, ni 91,750. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 135,000. Anabaki na 601,250, na hapo ada ya chama cha wafanyakazi bado. Soma tena mistari hiyo miwili ya mwisho ya makato. Bodi inamkata kuliko Mamlaka ya Mapato. Kwa kijana wa ngazi hiyo, kulipia elimu yake ndiyo kodi kubwa kuliko zote anazotoa, na hudumu kwa miaka. Deni la milioni 12 kwa makato hayo linahitaji miezi 89, miaka saba na nusu kasoro kidogo.

Na hayo ni masharti yaliyolegezwa. Kabla ya Julai 2021 kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Kwenye deni la milioni 12, asilimia 6 ni 720,000 kwa mwaka, au 60,000 kwa mwezi. Kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2016 makato yalikuwa asilimia 8, ambayo kwa mshahara huo ni 72,000. Kwa hesabu hiyo, kati ya kila 72,000 zilizokatwa, deni lenyewe lilipungua kwa 12,000. Wapo watu wenye umri wa miaka arobaini leo waliolipa hivyo kwa muda mrefu, wakitazama taarifa ya deni isiyosogea. Mtu huyo akipokea ujumbe wa chuo unaoanza na maneno "rudisha fadhila", anacheka, na ana haki ya kucheka.

Upande wa pili una hoja nzito, na ni vizuri ielezwe ilivyo. Kwanza, makato ya Bodi ni deni, si mchango. Mtu aliyerudisha alichokopa hajatoa kitu. Pili, fedha hiyo haiendi chuoni. Inarudi Bodi kukopesha wengine, na chuo kinaipata pale tu mwanafunzi mpya anapolipiwa ada. Tatu, ada yenyewe, ambayo kwa shahada ya kwanza katika vyuo vya umma iko kwa kiasi kikubwa kati ya milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka, haifikii gharama halisi ya kumfundisha mhandisi au daktari. Pengo hilo huzibwa na ruzuku ya serikali, yaani na mkulima wa Kibondo ambaye hakuwahi kukanyaga chuo. Anayesema "nimeshalipa" amelipa sehemu. Hoja hiyo siwezi kuipangua, na sioni sababu ya kujaribu.

Ila haielezi kwa nini watu hao hao wanaochangia kwa bidii hawachangii chuo. Maana wanachangia. Fungua kundi lolote la WhatsApp la waliomaliza pamoja: mwenzao amelazwa, mwingine amefiwa, mwingine anaoa, na mweka hazina anabandika orodha kila jioni, jina na kiasi, hadi siku ya kukabidhi na picha yake. Kule kuna mambo matatu ambayo chuo hakina: namba moja ya kulipia inayojulikana, orodha inayoonekana, na taarifa ndani ya siku chache.

Chuo cha umma kinapokea fedha kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kutoka mfumo wa serikali. Mfumo huo ni mzuri kwa ukaguzi, lakini haukubuniwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutoa 10,000 kila mwezi. Namba hutolewa kwa muamala, ina ukomo wa muda, na mchangiaji akishalipa anapata stakabadhi, basi. Kama zilinunua hadubini au viti vya ofisi, hajui. Dawa yake si kukwepa mfumo. Ni kutenga kasma ya mchango, yaani fungu lake la pekee, tangu mwanzo, kutoa namba ya mwaka mzima inayokubali malipo ya sehemu kwa sehemu, na kutuma ukurasa mmoja wa hesabu kila baada ya miezi mitatu, hata kama kilichopatikana ni kidogo. Hasa kama ni kidogo.

Halafu kuna suala la kumpata mtu mwenyewe. Barua pepe ya mwanafunzi hufungwa, laini ya simu hubadilishwa, wanawake wengine hubadili jina wakiolewa. Orodha inayotegemea vitu hivyo hufa mapema. Kinachodumu ni namba ya usajili ya chuo na namba ya mtihani ya kidato cha nne, ambayo ndiyo Bodi huitumia kumtambua mkopaji. Mahali pa kuzinasa ni wakati wa kuchukua cheti, kwa kuwa cheti hakuna anayekisahau. Hapo hapo asaini ridhaa ya taarifa zake kutumika. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, chuo hakiwezi kuazima majina na namba za simu kutoka ofisi nyingine kwa mazoea.

Fomu nyingi za taarifa za wahitimu zinaharibikia kwenye maswali. Cheo, kampuni, tuzo. Mwalimu wa sekondari wa Nanyumbu anaijaza akijiona hana la kusema, au anaiacha. Majarida ya wahitimu nayo huchapa mawaziri na wakurugenzi tu, kana kwamba chuo hakikuzalisha wengine. Ukimwuliza mwalimu huyo anafundisha somo gani, shule ina maabara au haina, na anaweza kupokea wanafunzi wangapi wa mafunzo kwa vitendo, umepata taarifa ambayo idara inaihitaji kuliko picha ya mkurugenzi. Pia umempa namna ya kurudisha isiyopita kwenye hati ya mshahara.

Kuhusu kiasi, ndoto ya majengo iachwe. Vyuo vya umma vimejengewa kwa mradi wa HEET (Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi) wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Harambee ya wahitimu haishindani na hiyo. Inachoweza ni kuziba matundu madogo: nauli ya mwanafunzi aliyepangiwa mafunzo mkoa wa mbali, vifaa vya utafiti, wiki za mwanzo kabla posho ya kujikimu haijaingia. Wahitimu 100 wakitoa 10,000 kwa mwezi, mwaka unaisha na milioni 12. Zinaweza kuwekwa kwenye hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba: kianzio ni milioni 1, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 12, fedha hiyo inazaa milioni 1.44 kila mwaka bila kugusa mtaji.

Na nani aombwe kwanza? Mikopo inayodaiwa ni ya kuanzia 1994. Waliosoma kabla ya hapo walisomeshwa na serikali, ingawa walipita JKT, na wengi wao sasa wako juu kabisa kwenye ngazi au wamestaafu na mafao yao. Hao hawana mstari wa Bodi. Kizazi cha pili ni wanaomaliza deni. Mwezi unaofuata makato ya mwisho, mtumishi wetu wa 900,000 anaona 135,000 zimerudi mfukoni. Akiombwa 13,500, sehemu ya kumi ya alichokuwa akikatwa, haigusi maisha aliyoyazoea. Chuo hakiujui mwezi huo, lakini mhitimu anaujua, na fomu ya taarifa ingeweza kumuuliza mwaka anaotarajia kumaliza mkopo. Anayekatwa bado aachwe kwa sasa, atumiwe habari za chuo tu, bila namba ya malipo chini yake.