Pini 78

Mada yangu ya kwanza ya utafiti wa kumalizia chuo ilikuwa bara zima. Niliiandika Novemba 2018, nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya biashara hapa Dar, kwa mwandiko wa mtu anayejua atakumbukwa: mchango wa huduma za fedha kwa simu katika uchumi wa Afrika. Dokta niliyepangiwa kunisimamia aliisoma akiwa amesimama, akachomoa kalamu nyekundu, akaikata Afrika.

"Afrika utaizunguka kwa nauli ya nani?"

Wiki iliyofuata nikaja na Tanzania. Akaikata. Nikaja na Dar es Salaam, nayo akaikata, kisha akaanza kunitajia vituo vya daladala kimoja kimoja kama konda, mpaka alipofika Buguruni akaniangalia usoni. Nikasema napajua. "Basi mama ntilie wa Buguruni. Wanapokea pesa kwa simu au hawapokei, na wanaopokea inawasaidia nini. Hiyo mtu mmoja anaweza kuifanya akamaliza."

Kwenye kumaliza nilikuwa najiamini sana. Nilichora ratiba ya kazi kwa rangi nne, nikaibandika ukutani juu ya kitanda: Januari pendekezo, Februari sura ya pili, Machi kukusanya data, Aprili uchambuzi, Mei kukabidhi na kulala. Jamaa niliyekuwa nimembeba chumbani, yaani aliyekosa chumba nikalala naye kwangu (waliopitia kubebana wananielewa), akawa anatundika taulo lake juu ya Machi. Machi yenyewe ilipofika, mimi nilikuwa bado niko Januari.

Pendekezo lilipita Aprili mwishoni. Ikaja safari ya barua: chuo hadi manispaa, manispaa hadi kata, kata hadi mtaa, kila ofisi ikigonga muhuri wake pembeni ya muhuri wa wenzake mpaka barua ikafanana na pasipoti ya mfanyabiashara wa Guangzhou. Barua ilipokamilika ikaingia Ramadhani. Mchana mama ntilie wengi wamefunga na masufuria yamefunikwa. Jioni wanahangaika na futari, na hakuna mwenye nafasi ya kuulizwa "kwa kiwango gani unakubaliana na sentensi ifuatayo". Nikasubiri Idi, ambayo iliangukia wiki ya kwanza ya Juni. Siku ya mwisho ya kukabidhi ilikuwa mwisho wa mwezi huohuo.

Katikati ya hayo, tarehe 1 Juni 2019, serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Rambo zikatoweka madukani. Mimi habari hiyo niliisikia redioni kama habari za watu wengine.

Kwenye daftari la soko nilikuta majina 150. Nikayaingiza kwenye fomula ya Yamane, ile ya kupata idadi ya watu wa kuhoji, ambayo kila mwanafunzi anaitumia kama chumvi: 150 gawanya kwa 1.375, jibu 109. Madodoso 109, kila moja kurasa nne, ukurasa wa kwanza ukiwa barua ya kujitambulisha yenye jina la Dokta na namba yake ya simu, "endapo utakuwa na swali lolote". Karatasi 436, shilingi 50 kila karatasi. Nilitoa 21,800 kwenye bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, lililokuwa limeshabaki mifupa. Nilichapa upande mmoja tu, maana nilitaka yaonekane ya kisomi. Huo upande mmoja ukumbukeni.

Siku ya kwanza sokoni niligawa dodoso moja. Kila mama aliyeniona na kalamu na karatasi alijifuta mikono kwenye kanga, akaingiza mkono kifuani na kunitolea kile kitambulisho cha mjasiriamali cha elfu ishirini kilichokuwa kimeanza miezi michache nyuma. "Nimeshalipa, baba, soma hapo." Namwambia mimi mwanafunzi tu. "Ndiyo, na wale wa juzi nao walisema hivyohivyo." Huyo mmoja aliyekubali alifika swali la tatu, wali ukaanza kuungua, akaniachia dodoso na mwiko.

Ndipo nikaelekezwa kwa mama wa maandazi, mwenyekiti wa kikoba chao, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Mama wa makamo, mzito wa maneno, anakaa kwenye kigoda mbele ya karai la mafuta na kugeuza maandazi bila kuyatazama. Nikamwamkia, akaniitikia, akanipa andazi la moto lenye harufu ya iliki, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wewe mwanangu unajisumbua. Jumapili tuna kikao cha kikoba. Niachie hizo karatasi zote, nitawagawia, watajaza, Jumatatu uje uchukue."

Nilimwachia zote. Nilirudi chuoni nikiwa mtu mwenye data. Kwenye daladala nikaanza kuandika shukrani.

Jumatatu nilikuwa na jaribio, sikwenda. Jumanne saa moja na robo asubuhi simu ikaita, Dokta. Dokta hajawahi kumpigia mwanafunzi tangu simu zivumbuliwe.

"Kijana, umeanza biashara ya maandazi?"

"Hapana, Dokta."

"Njoo ofisini."

Nilimkuta ameweka karatasi mbele yake. Alikuwa ameziorodhesha simu alizopigiwa tangu alfajiri pamoja na saa zake, kwa sababu mtafiti hawezi kujizuia. Ya kwanza, saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwanamke anataka maandazi 100 ya shughuli ya Jumamosi, madogomadogo, na anauliza kama bei ya jumla inapungua. Ya pili, kijana wa bodaboda: "Bosi, nimeshajaza fomu yote, zawadi inatoka lini?" Dokta akamuuliza zawadi gani. "Si hii promosheni ya simu? Nimeweka tiki tano kila mahali, msinizungushe."

Ya tatu ndiyo iliyomfanya anipigie. Mke wa mtu, sauti ya chini, ya mtu aliyejificha chooni. "Samahani, wewe ni dokta wa nini?" Akamjibu, wa biashara. "Biashara gani? Mume wangu nimemkuta na karatasi yako mfukoni, imekunjwa vizuri, ina jina lako na namba. Nimemuuliza anaumwa nini, anasema alikuwa anakula maandazi. Dokta, niambie tu ukweli, mimi ni mke wake wa ndoa."

Dokta alimweleza kwa dakika kumi na moja. Anasema mwisho yule mama alimshukuru kwa kumtunzia siri mgonjwa wake, akakata simu.

Aliyasema hayo yote bila kutabasamu. Halafu akanisukumia ile karatasi iliyokuwa mezani. Ilikuwa ukurasa wa tatu wa dodoso langu. Katibu muhtasi wa idara anakaa Ukonga, hupitia Buguruni kununua maandazi ya chai ya saa nne. Mafuta yalikuwa yameifanya karatasi ile ionekane hadi ng'ambo kama kioo cha bafuni, na kwenye kona kulikuwa na punje za sukari. Dokta akaiinua, akainusa.

"Hii iliki?"

"Ndiyo, Dokta."

"Nenda Buguruni."

Nilifika mama akiwa na wateja watano kwenye foleni. Pembeni yake binti yake wa kazi alikuwa anafungia. Nilisimama kumtazama, maana sikuwahi kuona mikono inayofanya kazi kwa usafi vile. Anachukua dodoso. Anang'oa pini taratibu kwa ukucha, anaitumbukiza kwenye kopo. Anachukua ukurasa mmoja, anaugeuza upande mweupe uelekee chakula, anaweka maandazi matatu, anakunja pembe nne. Anampa mteja kwa mikono miwili. Kipengele A, taarifa binafsi za mhojiwa, kikaondoka na fundi cherehani.

"Mama," nikasema, "hizo karatasi."

Mama akanitazama, akamtazama binti, akatazama juu ya kabati la vyombo alipokuwa ameziweka. Palikuwa na lundo lenye unene wa kiganja. Sasa pana unene wa chapati.

Binti hakuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililoniuma. Rambo hakuna, magazeti siku hizo yanagombewa kwa kilo kama nyama, na juu ya kabati kuna karatasi mpya nyeupe ambazo upande mmoja hazijaandikwa kitu. "Kaka, nilijua mama ndiye aliyeagiza," akasema. Halafu akainama chini ya meza, akaja na kopo la Blue Band, akanikabidhi kwa heshima zote. "Ila pini zako zote zipo. Nilizitoa zisije zikamchoma mteja. Sijatupa hata moja."

Nilizihesabu. Pini 78. Yaliyosalimika yalikuwa madodoso 31, kati yake 19 ndiyo yaliyojazwa kwenye kikao. Waliohudhuria kikao walijaza yote waliyopewa, mama aliniapia, lakini binti alikuwa anachukua la juu, liwe limejazwa au tupu.

Mchana ule nilizunguka Buguruni kudai karatasi za watu. Kwenye kijiwe cha bodaboda nilizipata nane, moja ikiwa imefutiwa kioo cha pikipiki. Dirishani kwa fundi cherehani nikapata mbili, ameshachorea kola. Nikaingia gereji ya pikipiki, na hapo ndipo nilipogundua kwamba wananchi walikuwa wamejaza. Watu wanapenda kuulizwa maoni, jamani. Penye sentensi "Huduma hii imeniongezea idadi ya wateja", fundi mmoja wa pikipiki alikuwa ameweka tiki kwenye "Sikubaliani kabisa", na chini akaandika kwa kalamu ya risiti: wateja ndio sisi na tunapungua kwa sababu andazi limekuwa dogo. Penye "Je, una changamoto gani?" akaandika: sukari. Nilipomwambia nahitaji karatasi ile alikataa mpaka nimwahidi kwamba maoni yake yatafika.

Jumla nilikusanya karatasi 23, nikazianika kwenye kamba ya nguo hosteli. Hazikukauka. Mafuta ya maandazi hayakauki, yanahama tu: asubuhi yalikuwa yamehamia kwenye shuka la jirani.

Dokta alinipa siku 12. Pesa ya kuchapa upya sikuwa nayo, nikanunua kauntabuku moja, nikachora mistari, nikarudi sokoni na dodoso moja tu mkononi, nikawa nawasomea. Sasa, mtu akikutaka umsikilize huku yeye anapika, huwezi kukaa mikono mitupu. Nilimenya viazi, nikapepeta mchele, nikachambua maharage, nikaosha sahani za mabati mpaka kucha zikageuka rangi. Kwa siku nafikia mama wanane, tisa nikiwahi. Nikisoma "kwa kiwango gani unakubaliana", wananikatiza: "Hebu sema unauliza nini." Nikisema ninachouliza, wanamwaga mengine ambayo dodoso halikuwa na kisanduku chake. Kwamba mteja akilipa kwa simu bila kuweka ya kutolea, hiyo si malipo, hiyo ni nusu ya mkopo. Kwamba kuna mteja anaonyesha ujumbe wa muamala wa jana. Mmoja alichungulia kushoto na kulia kabla ya kuniambia faida yake kubwa: "Hela iliyo kwenye simu, baba yao haioni." Hilo nililiandika sura ya nne kwa kiingereza kizito sana, ukilisoma hutajua ni yeye.

Nilifikia mama 96 kati ya 109, asilimia 88, nikakabidhi saa kumi kasoro ya siku ya mwisho. Kwenye sura ya tatu Dokta alinisaidia sentensi moja tu: madodoso ya awali yaliharibika kutokana na mazingira ya eneo la utafiti. Siku ya kutetea, mhadhiri mmoja wa jopo akaishika hiyo hiyo.

"Mazingira gani? Mvua?"

Nikamtazama Dokta. Dokta akatazama feni.

"Maandazi, mheshimiwa."

Katibu muhtasi, aliyekuwa anagawa chai pale nyuma, ikabidi atoke nje.

Nilipata B. Nakala zilipotoka kubaindiwa, jalada gumu jeusi na maandishi ya dhahabu, moja nikampelekea mwenyekiti wa kikoba kwa sababu nilimtaja kwenye shukrani. Alijifuta mikono, akaipokea, akaipima uzito, akapitisha kidole kwenye yale maandishi. Akaniita mwanangu, akasema Mungu anibariki. Binti akasogea naye kuangalia, akafunua ukurasa mmoja, akaugeuza, akafunua mwingine, akaugeuza. Akamnong'oneza mama, lakini nilimsikia.

"Mama, na hii nayo nyuma kote hawajaandika."